Nilishika ratiba siku 33, siku ya 34 nikaanguka: hizi siku 21 za kujenga tabia zilitoka wapi?

#1 Mtahiniwa wa Uyole (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mhasibu msaidizi katika duka la jumla hapa Uyole, nina umri wa miaka 31, na Novemba natarajia kurudia masomo mawili ya mitihani ya bodi ya wahasibu ambayo yameniangusha mara mbili. Mwezi wa nne nilihudhuria semina ya kulipia pale mjini, ambako mhamasishaji alitueleza kwa uhakika mkubwa kwamba jambo lolote ukilifanya siku 21 mfululizo linageuka kuwa tabia, na baada ya hapo mwili unalifanya wenyewe bila kusukumwa. Nikaandika lengo langu kwenye karatasi na kulibandika ukutani juu ya kitanda: kuamka saa 10:30 alfajiri kila siku na kusoma kwa saa moja na nusu kabla ya kujiandaa kwenda kazini.

Nilianza tarehe 5 Mei. Simu niliiweka juu ya kabati ili nilazimike kusimama kuizima, na kila nilipomaliza kusoma nilitia alama ya vema kwenye kalenda. Siku ya 21 ilipotimia nilijipongeza kwa chipsi kuku, nikiamini kazi imekwisha. Alama ya mwisho ni ya tarehe 6 Juni. Kesho yake, ambayo ndiyo siku ya 34, simu ililia, nikasimama, nikaizima, nikaitazama ile sakafu ya saruji iliyokuwa ikiningoja hadi mlangoni, nikarudi kitandani. Siku iliyofuata nilikwenda msibani Tukuyu nikakaa siku tatu, na tangu niliporudi sijatia alama hata moja. Hii ni wiki ya tatu.

Swali langu ni hili: ikiwa siku 21 zinatosha, mbona mwili wangu wa siku ya 34 haukuwa na habari hiyo? Kasoro iko kwangu, iko kwenye lengo, au iko kwenye hesabu yenyewe?

#2 Kijana wa Mwanjelwa (saa 2:58 usiku)

Pole kwa msiba, kaka. Nitasema bila kuzunguka: kasoro iko kwako, hasa kwenye mtazamo. Profesa Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford alishaeleza kwamba kuna watu wanaoamini uwezo wao umekwisha kupimwa na kufungwa, na kuna wanaoamini kwamba uwezo hukua kwa juhudi. Wa kwanza wakianguka husema "mimi ndivyo nilivyo", wa pili husema "bado sijaweza". Wewe umeanguka mara moja, ukafungua uzi.

Pili, upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953, ambapo asilimia 3 tu ya wahitimu walikuwa wameandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikutwa na mali kuliko wale 97 wote wakijumlishwa. Kuandika uliandika, ila hukuamini ulichoandika. Mimi naamka saa 10 kamili alfajiri, mwaka wa nne sasa, mvua inyeshe au baridi ipige, na sijawahi kuhitaji kalenda.

#3 Mhakiki wa Gangilonga (saa 3:31 usiku)

Mleta mada, nianze na hesabu, kwa kuwa hapo pana jibu la wazi. Siku 21 zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya waliyoiona kwenye kioo. Hakuzungumzia kuamka alfajiri wala kusoma uhasibu, na neno "angalau" lilidondoka njiani kadiri maneno yake yalivyopita kutoka mhamasishaji mmoja hadi mwingine.

Aliyepima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Walichukua watu 96 wa kujitolea, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kwa mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni, na wakawafuatilia kwa wiki 12. Muda wa katikati hadi jambo lizoeleke na kufanyika lenyewe ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi siku 254. Kwa hiyo siku ya 34 ulikuwa ungali njiani, na mtu aliyekuambia umefika ndiye aliyekufanya uteremke kabla ya kituo.

Kijana wa Mwanjelwa, huo utafiti wa Yale haupo. Umetafutwa chuoni kwenyewe na kwa wahitimu wa mwaka huo, na hakuna aliyewahi kuhojiwa. Ni hadithi ya semina, kama ya siku 21.

#4 Mkulima wa Makete (saa 4:05 usiku)

Tarehe 7 Juni, saa 10:30 alfajiri, Uyole! Ndugu mtahiniwa, wewe hukushindwa tabia, ulishindwa na baridi, na kushindwa na baridi ya huku kwetu si aibu. Huku Makete mwezi huo tunakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na hata jogoo huwika akiwa bado amekunja mguu. Mkulima hapangi ratiba moja ya mwaka mzima. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza tunaamka gizani, na ifikapo Juni tunaamka jua likionekana. Nadhani kosa lako lilikuwa kuanza safari mwezi Mei, ilhali kila siku inayokuja ina baridi kuliko iliyopita. Ungeanza Septemba, leo ungekuwa unaandika uzi wa kujisifu.

#5 Seremala wa Mafinga (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Mimi si msomi wa tafiti. Natengeneza samani, na kila ifikapo Januari kazi inayonipa fedha ya haraka ni vibubu ninavyovipigilia kwa mabaki ya mbao za paina. Watu wanakuja wakiwa na malengo mazuri ya mwaka mpya: ada, bati, shamba. Sasa sikilizeni ninachokiona mimi ambaye vibubu hivyo hunirudia. Mwezi wa pili mama mmoja aliniletea chake akitaka nimrekebishie tundu, kwa maelezo kwamba limepanuka lenyewe. Nilipolitazama, kingo zote mbili zilikuwa zimechongwa na kisu cha jikoni, kwa kuwa alikuwa akikigeuza kibubu kichwa chini na kuivuta noti kwa ncha ya kisu, na hapo kwenye mbao kulibaki hata kipande cha noti ya elfu mbili kilichochanika.

Sikumpa hotuba. Nilikifungua, nikaweka ndani yake ubao mwembamba ulioinama chini ya tundu, ili noti ikishuka iteleze upande wa pili na ukikigeuza ijizibe yenyewe. Ni mama yule yule, mtazamo ule ule na lengo lile lile la bati. Nilichobadilisha ni ubao wa vidole vinne. Alikuja kukivunja mwezi wa nane, kimejaa.

Kwa hiyo, ndugu mtahiniwa, acha kujitafuta moyoni. Je, kandambili zako hukaa wapi? Sweta hukaa wapi? Chai unaichemsha saa hiyo hiyo ya alfajiri, au inalala kwenye chupa? Weka ubao hapo.

#6 Katibu wa Kikoba, Kihesa (saa 3:15 asubuhi)

Kamwene, ndugu zangu. Fundi amesema vizuri, ila kibubu cha nyumbani, hata kiwe na mbao tatu zilizoinama, mwenye nyumba ana nyundo.

Kikundi chetu kina wanachama 28, wengi tukiwa akina mama wa sokoni, na tunakutana kila Alhamisi saa 10 jioni. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo wanakaa nazo wanachama watatu ambao si viongozi, hata mimi katibu sina. Kila anayenunua hisa anagongewa mhuri kwenye kitabu chake mbele ya wote, kuanzia hisa moja hadi tano kwa kikao, na anayechelewa analipa faini ya shilingi 1,000 hata kama amefiwa na kuku wake wote. Wapo humo wanawake ambao kabla ya kikundi hawajawahi kuweka hata shilingi elfu kumi ikamaliza mwezi, na sasa wana miaka mitatu bila kukosa Alhamisi. Kinachowaleta si mtazamo wala karatasi ya ukutani. Jina lako linasomwa kwa sauti, na watu 27 wanageuka kukutazama.

Hata hivyo, nitasema na upande wa pili, kwa sababu unanisumbua. Mwaka jana tulipogawana fedha mwezi wa kumi na mbili, tulipumzika hadi mwezi wa pili kabla ya kuanza mzunguko mpya. Niliwauliza wenzangu tuliporudi: ni nani aliyejiwekea fedha katika miezi hiyo miwili? Hakunyoosha mkono hata mmoja, na mimi mwenyewe niliutazama mkeka. Sasa niambieni wasomi, hiyo mihuri ya miaka mitatu ilikuwa tabia au ilikuwa aibu?

#7 Mwalimu wa Rungwe (saa 10:20 jioni)

Shikamoo mama Katibu. Swali lako ni gumu kuliko la mleta mada, nami nitalipita kwanza ili nirudi kwenye lengo, ambalo naona hakuna aliyeligusa.

Edwin Locke na Gary Latham, ambao walitumia miongo kadhaa kuchunguza jambo hili, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu kiasi huleta matokeo bora kuliko maelekezo ya "jitahidi uwezavyo". Mleta mada anaonekana kuwa na lengo mahususi, kwa sababu ametaja saa. Lakini lisomeni tena. Ametaja saa ya kuamka na urefu wa kusoma, hakutaja atasoma nini. Mtu anayesimama gizani, miguu ikiwa na baridi, halafu ndipo aanze kuchagua kati ya kodi na ukaguzi wa hesabu, ana sababu mbili za kurudi kitandani. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne nawaamuru wafunge siku kwa kuandika swali moja tu la kuanzia kesho, na daftari liachwe wazi kwenye ukurasa huo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alifanyia kazi mipango ya namna hii, ambayo hufungamanisha tukio na tendo: "likitokea hili, nitafanya lile". Kwa mleta mada ingekuwa: nikishaizima simu, ninakaa kwenye kiti na kulijibu swali lililo wazi. Hapo hakuna jambo la kuamua.

Ndugu Mhakiki, nina swali kwako pia. Umesema waliwafuatilia kwa wiki 12, yaani siku 84. Siku 254 walizipata wapi?

#8 Mhakiki wa Gangilonga (saa 11:02 jioni)

Mwalimu, umenishika vizuri, nilipaswa kulieleza hilo mapema. Hawakuzihesabu siku 254. Walichora mkunjo wa kila mtu, yaani mstari wa kuonyesha jinsi jambo lake lilivyozidi kuzoeleka, kutokana na majibu yake ya siku 84, kisha wakakadiria mkunjo huo ungefika kileleni lini. Zaidi ya hapo, mkunjo ulikaa vizuri kwa watu 39 tu. Kwa hiyo atakayetoka hapa akahubiri "siku 66" atakuwa amebadilisha hadithi moja kwa nyingine yenye suti nzuri zaidi.

Jambo moja katika utafiti huo linamhusu sana mleta mada: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kutajwa. Siku ya 34 peke yake haikuwa na uzito. Kilichomwondoa ni zile siku za msibani, ambako hapakuwa na kabati, simu juu ya kabati wala kalenda. Aliporudi alikuwa kama mgeni katika chumba chake.

#9 Muuguzi wa Njombe (saa 2:47 usiku)

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku, na nashangaa kwamba hakuna aliyemuuliza mgonjwa analala saa ngapi. Kaka mtahiniwa, unalala saa ngapi?

Wakati nangoja jibu, niongeze la kwangu. Sisi wa zamu hatuna "kila siku saa fulani". Wiki hii nalala mchana, wiki ijayo usiku, na kama tabia ingeshikwa na saa ya ukutani basi wauguzi wote tungekuwa watu wasio na tabia. Ninachofanya ni kulishikiza jambo kwenye tendo lisilokosekana. Mazoezi yangu ya mgongo nayafanya maji ya kuoga yakiwa jikoni, yawe ya asubuhi au ya jioni. Ndivyo tunavyowaelekeza hata wazee wanaoanza dawa za presha: kidonge kikae karibu na kikombe cha chai, kwa sababu chai haisahauliki. Kuna babu mmoja alidhibiti presha yake vizuri kabisa hadi mjukuu aliyekuwa akimpikia chai alipokwenda shule ya bweni. Chai ikahamia saa nne, kidonge kikabaki mahali pake, na presha ikapanda. Nadhani ndugu Mhakiki yuko karibu na ukweli kuhusu msiba.

#10 Mtahiniwa wa Uyole (saa 3:30 usiku)

Nawashukuru wote. Dada Muuguzi, nalala saa 5:30 usiku, kwa kuwa duka tunafunga saa 3, kisha kuna kufunga hesabu za siku, na Jumamosi na Jumapili kuna mpira.

#11 Muuguzi wa Njombe (saa 3:34 usiku)

Kutoka saa 5:30 hadi saa 10:30 ni saa tano. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ulikuwa unajikopa saa mbili kila usiku kwa siku 33, na wewe mhasibu unajua mwisho wa mkopo usiolipwa. Hiyo alfajiri ya tarehe 7 hukuwa mvivu, mwili ulikuja kudai chake. Mwalimu aseme lengo, fundi aseme ubao, mama aseme aibu. Mimi nasema usingizi.

#12 Kijana wa Mwanjelwa (saa 4:10 usiku)

Naona kila mtu anamletea mwenzetu kisingizio chake. Baridi, ubao, msiba, mpira, sasa usingizi. Kwa mwendo huu kesho atakuja mtu aseme ni mlima Loleza unaomzibia jua. Hakuna hata mmoja anayetaka kusema neno "nia".

#13 Mkulima wa Makete (saa 4:22 usiku)

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, hiyo saa 10 kamili unaamka kufanya nini, kama si siri ya serikali?

#14 Kijana wa Mwanjelwa (saa 4:29 usiku)

Si siri. Naendesha bajaji. Abiria wa mabasi ya alfajiri ndio wenye fedha, na hesabu ya tajiri ilikuwa shilingi 20,000 kila siku, upate au ukose.

#15 Katibu wa Kikoba, Kihesa (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Kumbe mwanangu nawe una kikoba, ila chenu kina wanachama wawili, na mwenzio ndiye mwenye funguo zote tatu.

#16 Kijana wa Mwanjelwa (saa 7:15 mchana)

Mama, umenipiga mbele za watu na ninakubali kwamba nilistahili. Lakini nisikilizwe hadi mwisho. Nimeandika "ilikuwa" kwa makusudi. Bajaji ile ilikuwa ya mkataba, nikaimaliza mwaka jana mwezi wa tatu, na tangu hapo ni mali yangu. Hakuna tajiri, hakuna simu ya saa mbili usiku ya kuuliza hesabu. Ningeweza kulala hadi saa 12. Wiki ya kwanza nilijaribu kwa makusudi kabisa, nikasema nami nipumzike kama watu. Saa 10 macho yakafunguka yenyewe, nikabaki nimelala natazama bati hadi kukapambazuka, nikaona hasara, nikarudi kwenye ratiba yangu. Sasa mama, akina mama wako waliacha pale macho ya watu yalipoondoka, nami sikuacha. Tofauti yetu ni nini, kama si mtazamo?

#17 Mwalimu wa Rungwe (saa 11:40 jioni)

Inawezekana tofauti ni hesabu tu. Wewe uliamka kila siku kwa zaidi ya miaka miwili, yaani zaidi ya mara 700. Mwanachama wa kikundi anagongewa mhuri mara moja kwa wiki, na katika miaka mitatu, ukiondoa mapumziko, hajafika hata mara 150. Tena yeye anaweka akiba ndani ya ukumbi mmoja, siku moja, mbele ya mkeka mmoja. Ukumbi ukifungwa, hakuna kinachomkumbusha. Wewe giza la saa 10 linakufuata popote. Nasema inawezekana, kwa sababu hata marehemu mama yangu, aliyechuma chai kwa miaka 20 akilipwa kwa kilo, alistaafu na hakuamka tena kabla ya jua hadi alipofariki. Alisema amelipa usingizi wa wajukuu wake wote. Mara elfu ngapi hizo, na hazikumwachia tabia yoyote.

#18 Mgema wa Msimu (saa 2:12 usiku)

Kwa kuwa mjadala umefika kwenye mara ngapi, niruhusuni niseme kuhusu ulanzi, ile pombe ya mianzi, na wasiokunywa wanisamehe. Chipukizi la mlanzi ukilikata ncha leo, halikupi kitu. Unarudi jioni unachonga tena kipande chembamba kama ukucha, asubuhi tena, jioni tena, na kwa siku kadhaa za mwanzo mbeta, yaani chombo cha kukingia, unaifunga pale ikiwa kavu na kuifungua ikiwa kavu. Kisha siku moja unakuta matone. Ukiacha kuchonga, jeraha linajifunga, na hapo unaanza upya. Lakini wakubwa, si mimi ninayetoa maji, ni mlanzi. Kazi yangu ni kuzuia jeraha lisifunge. Sijui kama mtahiniwa amenielewa.

#19 Mkulima wa Makete (saa 2:20 usiku)

Amekuelewa, na tusikusifu zaidi, maana mgema akisifiwa tunajua anachokifanya. Ila umethibitisha hoja yangu: mbona huchongi mwezi wa saba? Kila jambo lina msimu wake.

#20 Mhakiki wa Gangilonga (saa 4:03 usiku)

Nirudi kwa Kijana, kwa kuwa nilimkosoa kuhusu Yale na nisingependa nionekane napinga kila anachokisema. Hoja ya Dweck kuhusu mtazamo imepimwa kwa uzito. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake, Dweck akiwa mmojawapo, walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani waliopewa somo fupi la kompyuta, lisilofika saa moja, kuhusu ubongo kuweza kukua kwa juhudi. Wanafunzi waliokuwa nyuma walipanda, lakini kwa kiasi kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya alama moja katika kipimo chao kinachoishia alama nne na kidogo. Na faida hiyo ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kuunga mkono mwenzao anayejaribu jambo gumu. Kwa hiyo mtazamo una kazi yake, ni ndogo lakini ipo, na hata hiyo ndogo inapenda kukaa penye mkeka wa mama Katibu.

#21 Kijana wa Mwanjelwa (saa 4:11 usiku)

Ndogo lakini ipo. Nimeipokea hivyo hivyo.

#22 Mtahiniwa wa Uyole (wiki mbili baadaye, Jumatano, saa 10:52 alfajiri)

Nimerudi kutoa taarifa kama nilivyopaswa. Nimechukua kidogo kutoka kwa kila mmoja, jambo ambalo najua litawaudhi wote. Saa ya kuamka nimeisogeza kutoka 10:30 hadi 10:45, na kulala nimekurudisha hadi saa 4, isipokuwa siku za mpira. Sweta linalala juu ya mto, chai inalala kwenye chupa, na mbele ya kitanda nimetandika gunia la mchele wa Kyela ili mguu usikutane na saruji. Daftari linabaki wazi kwenye swali moja, kama alivyoagiza Mwalimu. Kila nikimaliza napiga picha ya swali nililolijibu na kumtumia mtahiniwa mwenzangu wa Mbalizi, ambaye naye hunitumia la kwake. Asipotuma, ananinunulia vocha, nami vivyo hivyo. Hadi leo ni siku 12, nimekosa mbili, na nimelipa vocha moja kwa sababu ya pili tuliikosa wote.

Ninachoshindwa kukijua ni kipi kati ya hivi kinachofanya kazi. Jana gunia lilikuwa limelowa nikaliondoa, nikaamka. Juzi mwenzangu alikuwa safarini, nikaamka. Jumapili kila kitu kilikuwa mahali pake, sweta, chai, daftari, nikalala saa 4 kamili, na sikuamka. Mhakiki, kuna aliyewahi kupima hilo?

#23 Muuguzi wa Njombe (saa 10:58 alfajiri)

Kaka, nikuulize jambo dogo kabla Mhakiki hajaamka. Taarifa hii ndefu umeiandika saa 10:52. Daftari liko wapi?

#24 Mtahiniwa wa Uyole (saa 11:01 alfajiri)

Liko wazi hapa mezani. Nilishika simu ili nizime kengele.

#25 Seremala wa Mafinga (saa 1:05 asubuhi)

Naweza kukutengenezea kisanduku cha simu kwa bei ya kibubu, chenye matundu ili kengele isikike, na kikifungwa usiku kifunguliwe asubuhi tu. Shida ni moja: ufunguo atakaa nao nani?

#26 Katibu wa Kikoba, Kihesa (saa 1:30 asubuhi)

Weka makufuli matatu, fundi.